Mguu Usiosikia Maumivu: Soli zenye Vihisi na Kinga ya Vidonda vya Unyayo katika Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kimoja cha tiba ambacho bado ni kigeni kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, yaani soli ya ndani ya kiatu iliyotiwa vihisi vya kupima uzito unavyoukandamiza unyayo. Kifaa hiki kimebuniwa kwa ajili ya watu waliopoteza hisia za miguuni, hususan wagonjwa wa kisukari, ili kuwakinga na vidonda ambavyo mara nyingi huishia katika kukatwa kiungo. Tutaeleza kwanza jinsi kidonda kinavyoanza, kisha jinsi soli hiyo inavyofanya kazi na ushahidi uliopo juu ya manufaa yake. Baada ya hapo tutaitazama miji ya Butembo na Beni, katika Jimbo la Kivu ya Kaskazini, tujiulize ni kipi katika maarifa hayo kinachoweza kutumika huko leo. Mwisho tutagusia suala la lugha ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito usiopungua ule wa kifaa chenyewe.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la taaluma za Kiswahili lishughulike na nyayo za wagonjwa. Jibu ni kwamba kinga ya kidonda cha mguu hufanywa na mgonjwa mwenyewe nyumbani, kwa kufuata maelezo aliyopewa kwa maneno. Butembo na Beni, daktari amesomeshwa kwa Kifaransa, mgonjwa mara nyingi amelelewa kwa Kinande, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wa makabila mbalimbali sokoni, barabarani na hospitalini. Maneno yakiwa na kasoro, kinga nayo ina kasoro.

2.0 Chanzo cha Kidonda: Ganzi, Kani na Eneo

Mtu mwenye afya akikanyaga mwiba huinua mguu kabla hajapata hata nafasi ya kufikiri. Kiatu kikimbana huchechemea, hukivua, au huhamishia uzito kwenye mguu wa pili. Hayo yote huyafanya pasipo kuamua, kwa sababu maumivu yamekwisha kumwamulia. Kisukari kilichodumu miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu neva, na neva ndefu zinazofika miguuni ndizo zinazoanza kuathirika. Mguu hufa ganzi pole pole, kuanzia vidoleni kupanda juu. Mgonjwa hasemi kwamba anaumwa. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwani mlinzi amekwisha kuondoka na mwenye nyumba hana habari.

Ili kuelewa kinachofuata, tunahitaji dhana moja ya fizikia. Istilahi zilizosanifiwa nchini Tanzania zimetupatia neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Neno hili hujieleza lenyewe: ni kani igawanywayo kwa eneo inalolikandamiza. Tuchukue mfano wa mama mwenye uzito wa kilo 60 anayeteremka kutoka shambani na mzigo wa kilo 40 mgongoni. Anaposimama kwa mguu mmoja, kani ya takriban niutoni 1,000 hupita katika unyayo huo. Ikiwa unyayo unagusa ardhi kwa sentimita za mraba 100, kanieneo ya wastani ni kilopaskali 100. Lakini anapoinua kisigino ili apige hatua, uzito wote huhamia mbele, chini ya vidole na mifupa inayovishika. Eneo likipungua hadi sentimita za mraba 40, kanieneo inafikia kilopaskali 250 ingawa uzito haujaongezeka hata kidogo. Kokoto likiwamo ndani ya kiatu, hupokea sehemu ya mzigo huo kwa eneo dogo kuliko ukucha.

Wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari wanapendekeza kwamba kanieneo ya kilele ndani ya kiatu cha mgonjwa aliyewahi kupata kidonda isizidi kilopaskali 200, yaani takriban uzito wa kilo mbili juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kipimo hiki ni mwongozo, si mpaka unaotenganisha usalama na maangamizi. Kinachodhuru zaidi ni marudio. Mtu atembeaye kilomita 10 kwa hatua za sentimita 70 hupiga hatua zaidi ya 14,000, maana yake kila unyayo hukandamizwa zaidi ya mara 7,000 mahali pale pale. Mtu mwenye hisia hubadili mwendo wake bila kujua ili kupumzisha mahali palipochoka. Mtu mwenye ganzi haubadilishi. Nyama hupata joto na kuvimba. Ngozi ya juu hujihami kwa kuota sugu. Sugu nayo, kwa kuwa ni ngumu, huongeza kanieneo kama kokoto lililoshonewa ndani ya ngozi. Chini yake damu huvilia, na siku sugu inapopasuka kidonda kinakuwa na umri wa majuma kadhaa.

Kuna njia ya pili iliyo tulivu zaidi. Mishipa midogo ya damu ya ngozini hufungwa na kanieneo ndogo sana, ipatayo milimita 35 za zebaki, ambayo haifiki hata kilopaskali tano. Kiatu chembamba kinachobana pembeni, au kusimama palepale kwa saa nyingi nyuma ya meza ya biashara, huweza kuinyima ngozi damu bila ya pigo lolote. Kwa hiyo mguu wenye ganzi una maadui wawili: kanieneo kubwa ya muda mfupi inayorudiwa mara nyingi, na kanieneo ndogo isiyopumzika.

3.0 Somo la Ukoma: Oicha, Vellore na Carville

Maarifa haya hayakuanzia katika kliniki za kisukari. Yalianzia kwa wagonjwa wa ukoma, na eneo tunalolizungumzia lina historia yake katika jambo hilo. Oicha, kaskazini mwa Beni, ndipo daktari wa Kimarekani Carl Becker, aliyefika Kongo mwaka 1929, alipojenga hospitali katika miaka ya 1930. Kando ya hospitali hiyo kilikua kijiji kikubwa cha wagonjwa wa ukoma. Ukoma nao huua neva, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaokula vidole.

Aliyeipinga imani hiyo kwa uchunguzi wa muda mrefu ni Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Brand alionyesha kwamba vidole haviliwi na vijidudu vya ukoma, bali huharibiwa na kazi za kila siku zifanywazo na mtu asiyesikia maumivu. Alipohamia Carville, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, mwaka 1966, aliendelea kuchunguza jinsi kanieneo ya wastani inayorudiwa maelfu ya mara inavyoua nyama. Yeye na wenzake walijaribu soksi zenye vifuko vidogo mno vya rangi ambavyo hupasuka pale mguu unapokandamizwa sana. Mgonjwa alipovua viatu, rangi ilimwonyesha mahali pa hatari. Soksi hizo ni nyanya wa soli tunayoieleza hapa. Umeme haukuwamo, lakini wazo lilikuwa ni lile lile: maadamu mguu hauwezi kusema, tuupatie kitu cha kusema kwa niaba yake.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeendelea kuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi wapya wa ukoma, kwa hiyo mguu wenye ganzi huko si wa mwenye kisukari peke yake. Pili, viatu na mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya wakoma ziligharimu kidogo, na bado zina manufaa pale ambapo elektroniki haijafika.

4.0 Muundo na Utendaji wa Soli yenye Vihisi

Soli yenye vihisi ni ubamba mwembamba na laini unaotandikwa ndani ya kiatu. Ndani yake mna vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyobadili mkandamizo kuwa alama ya umeme. Aina mbili ndizo zitumikazo zaidi. Katika aina ya kwanza, tabaka mbili za wino unaopitisha umeme hukaribiana zinapokandamizwa, na ukinzani wa umeme hupungua. Kadiri mkandamizo unavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Katika aina ya pili, vibamba viwili vya metali hutenganishwa na kitu laini kinachonyumbuka. Vikikaribiana, uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme huongezeka, na badiliko hilo hupimwa.

Maabara zimekuwa na soli za namna hii kwa miaka mingi. Mfumo wa F-Scan wa kampuni ya Tekscan ya Marekani hutumia aina ya kwanza na una mamia ya vihisi katika kila soli. Mfumo wa Pedar wa kampuni ya Novel ya Munich hutumia aina ya pili na una vihisi 99. Vyombo hivyo humpatia mtaalamu ramani ya unyayo kwa rangi, aone ni wapi kiatu kirekebishwe. Hata hivyo, ni vyombo vya kupimia kliniki kwa dakika chache. Si vya kuvaliwa sokoni.

Soli za kuvaliwa kutwa zina vihisi vichache zaidi, vikiwekwa kwenye sehemu zinazojulikana kwa vidonda: chini ya kidole gumba, chini ya vichwa vya mifupa ya mbele ya unyayo, pembeni na kisiginoni. Kijisanduku chenye betri hupokea alama na kuzituma bila waya kwenye saa ya mkononi au simu. Mvaaji hapelekewi takwimu zote, bali hupewa onyo pale kanieneo inapokaa juu ya kiwango kwa muda uliopangwa. Akionywa, atembee kidogo, aketi, avue kiatu akikague, au auhamishie mguu wa pili uzito wake.

Soli hizi zina mipaka ambayo haipaswi kufichwa. Hupima mkandamizo wa wima, lakini nyingi hazipimi msuguano wa ngozi kuteleza mbele na nyuma, ambao nao huchubua. Joto, jasho na kuchakaa hubadili usomaji wake, kwa hiyo huhitaji kusawazishwa mara kwa mara. Hazioni juu ya vidole wala katikati yake. Zaidi ya yote, hulinda pale tu kiatu kinapovaliwa.

5.0 Ushahidi wa Manchester

Mwaka 2019 Caroline Abbott na wenzake wa Manchester, nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio katika jarida la Lancet Digital Health. Wagonjwa 58 wa kisukari waliokuwa na ganzi, na ambao walikuwa wamepata kidonda cha unyayo muda si mrefu uliopita, walipewa soli zenye vihisi vinane zilizotengenezwa na kampuni ya Orpyx ya Kanada. Walifuatiliwa kwa muda uliofikia miezi 18. Jambo la kuzingatia ni mpango wa majaribio yenyewe: makundi yote mawili yalivaa soli zile zile, lakini kundi moja tu ndilo lililopelekewa maonyo. Onyo lilikuja endapo kanieneo ilikuwa imezidi kiwango kinachofunga mishipa midogo kwa sehemu kubwa ya dakika 15 zilizotangulia.

Katika kundi lililoonywa vilitokea vidonda vinne, na katika kundi lisiloonywa vidonda kumi. Ukihesabu siku ambazo kila kundi lilifuatiliwa, punguzo hilo ni la asilimia 71. Kwa wale waliovaa soli kwa saa 4 na nusu au zaidi kila siku, punguzo lilifikia asilimia 86. Idadi ya washiriki ni ndogo, na watafiti wenyewe waliyaita majaribio ya kuthibitisha wazo. Hata hivyo, yanatufundisha jambo moja bayana. Kilichowatofautisha watu wale hakikuwa mpira, wala kitambaa, wala umeme uliokuwa viatuni mwao, kwa kuwa wote walikuwa navyo. Kilichowatofautisha ni habari: kundi moja lilipewa habari za miguu yake kwa wakati, na likazitenda.

Umuhimu wa kinga hii unaonekana tunapokumbuka kwamba kidonda kilichopona si kidonda kilichokwisha. Tathmini iliyochapishwa na David Armstrong na wenzake mwaka 2017 inakadiria kwamba wagonjwa wapatao asilimia 40 hurudiwa na kidonda katika mwaka wa kwanza baada ya kupona, na asilimia 65 katika miaka mitano.

6.0 Butembo na Beni: Kipi Kinawezekana?

Butembo ni mji wa biashara uliojengwa juu ya vilima, na Beni iko kaskazini mwake, umbali wa kilomita zipatazo 54. Watu wa huko hutembea sana, hubeba sana, na hupanda na kuteremka. Wakulima wengi huvaa mabuti ya mpira msimu wa matope, na kandambili nyumbani. Tangu mwaka 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamezifanya familia nyingi kukimbia vijiji vyake kwa miguu, pengine usiku na bila viatu vya kufaa. Kwa mwenye ganzi, safari moja ya namna hiyo inatosha kuanzisha kidonda. Na akifika alikokimbilia, huwa ameacha nyuma dawa, chakula alichokizoea na muuguzi aliyemjua.

Katika mazingira hayo, soli ya elektroniki inakabiliwa na vikwazo dhahiri: bei, betri inayohitaji kuchajiwa kila siku, matope na maji, vipuri visivyopatikana, na viatu vya wazi visivyoweza kuishika. Hatuoni kwamba ni busara kumwambia mgonjwa wa Beni asubiri. Lakini hatuoni pia kwamba soli hiyo haimhusu. Tukiyarudia matokeo ya Manchester, tutaona kwamba kinachotakiwa ni habari za mguu zimfikie mwenye mguu mapema. Swali basi ni hili: kuna njia gani nyingine za kuzipata habari hizo?

Ya kwanza ni kujua ni nani mwenye ganzi. Kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011 hakihitaji chombo chochote. Mgonjwa hufumba macho. Mpimaji humgusa kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, hisia zake zimepungua. Mtu wa familia anaweza kufundishwa kipimo hiki kwa dakika chache.

Ya pili ni kuuona mkandamizo bila umeme. Harris na Beath, waliochunguza miguu ya askari wa Kanada, walieleza mwaka 1947 mkeka wa mpira wenye matuta ya vimo mbalimbali unaopakwa wino na kufunikwa karatasi. Mtu akiukanyaga, wino hukolea zaidi pale penye kanieneo kubwa. Karatasi hiyo huwekwa katika faili, na fundi viatu huweza kuisoma pasipo kompyuta.

Ya tatu ni joto. Nyama inayoelekea kupata kidonda hupata joto kabla ya ngozi kupasuka. Lawrence Lavery na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha Marekani mwaka 2007, waliwapa wagonjwa vipimajoto wapime kila siku sehemu zile zile za miguu yote miwili. Tofauti ilipozidi nyuzi 2.2 za Selsiasi, mgonjwa alipunguza kutembea na kumpigia muuguzi simu. Katika miezi 15, asilimia 8.5 ya waliopima joto walipata vidonda, ilhali katika makundi mawili mengine walikuwa takriban asilimia 30. Hapa Butembo na Beni zina kumbukumbu ya pekee. Wakati wa janga la Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wasafiri walipimwa joto kwa vipimajoto visivyogusa mwili katika vizuizi vya barabarani, na chombo hicho hakuna asiyekijua. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya paji la uso, kwa hiyo ni sharti vijaribiwe kwanza. Lakini baadhi vina namna ya kupima uso wa kitu chochote, na maadamu tunalinganisha mguu na mguu kwa chombo kimoja, kosa la chombo hudhuru kidogo kuliko katika kupima homa.

Ya nne ni kiatu na sugu. Sugu ikipunguzwa na muuguzi aliyefunzwa, wala si kwa wembe nyumbani, kanieneo ya mahali hapo hupungua kwa takriban robo. Ndala za mpira laini wenye vitundu vidogo, zilizobuniwa India kwa wagonjwa wa ukoma, huwekwa soli ngumu ya chini ambayo huweza kukatwa katika tairi. Huwa na kamba ya kisiginoni, na hugundishwa au kushonwa bila misumari. Mafundi viatu wa masokoni wanaweza kuzitengeneza wakipewa mpira unaofaa na mafunzo mafupi.

Kwamba mambo haya huwezekana katika nchi zetu si ndoto. Dar es Salaam, Dakta Zulfiqarali Abbas aliyeanzisha huduma ya miguu ya wagonjwa wa kisukari katika Hospitali ya Muhimbili alikuwa miongoni mwa waasisi wa mradi wa Step by Step, ulioendeshwa Tanzania na Asia ya Kusini kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Mradi ulimfunza daktari pamoja na muuguzi wake kama timu moja, kisha wakarejea katika hospitali yao na vifaa vichache vya msingi. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha tiba. Utaratibu kama huo una mahali pa kuanzia.

7.0 Suala la Lugha

Tulisema kwamba habari ndiyo iliyowatofautisha wagonjwa wa Manchester. Tutazame sasa maneno manne ambayo habari hiyo hupita ndani yake.

Neno la kwanza ni mguu. Kifaransa hutenganisha pied na jambe. Kiswahili hutumia mguu kwa kiungo chote kuanzia pajani hadi vidoleni. Daktari aliyesoma kwa Kifaransa akimaanisha sehemu ya mbele ya unyayo na kusema kwamba itabidi mguu ukatwe, mgonjwa husikia kiungo kizima, pengine hukataa na kwenda zake. Anaporudi, huenda kiungo kizima kweli ndicho kinachokatwa. Tunapendekeza kwamba katika jambo la kukata, neno mguu lisitumiwe peke yake hata kidogo. Itajwe sehemu yenyewe: kidole, nusu ya unyayo, chini ya goti, juu ya goti, na mahali hapo paguswe kwa mkono.

Neno la pili ni sugu. Kwa maana ya asili ni ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa kazi; kutokana nayo tumepata ugonjwa sugu na mtu sugu. Neno hili lina sifa ndani yake, kwani sugu za mkulima ni ushahidi wa bidii. Mgonjwa mwenye ganzi hana budi kuelezwa kwamba kwake yeye sugu ya unyayo ni onyo, na kwamba si ngao.

La tatu ni donda ndugu. Wengi hulitumia kwa kila kidonda kinachooza na kuenea, nalo hubeba dhana ya maradhi yasiyo na dawa. Kidonda kipya cha unyayo kikiitwa hivyo mapema, mwenye nacho hukata tamaa wakati ambapo kukipumzisha na kukisafisha kungetosha kukiponya. Lipo neno jingine ambalo halina budi kushika nafasi katika mafunzo, nalo ni kutonesha. Kutonesha kidonda ni kukigonga tena kabla hakijapona, na hiyo ndiyo hasa kazi ya kila hatua juu ya unyayo wenye kidonda. Tofauti ni kwamba mwenye ganzi hutonesha bila kujua kwamba ametonesha.

La nne ni jina la kifaa chenyewe. Wako wanaoelekea kutohoa neno la Kiingereza na kusema sensa, lakini sensa kwa Kiswahili ni hesabu ya watu, na katika nchi ambako kuhesabiwa huweza kuzua shaka, kumwambia mtu kwamba kiatu chake kina sensa si jambo dogo. Kihisi, kutokana na hisi, ni bora: linaeleza kwamba kifaa hiki kinafanya kazi ile ile ambayo ngozi imeiacha. Kuhusu kanieneo, tunaona libaki darasani, kwa kuwa linahitaji kufundishwa. Kwa mgonjwa inatosha kusema mkandamizo, mradi aelezwe kwamba mzigo ule ule huumiza zaidi unapokaa mahali padogo.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba soli yenye vihisi ni hatua ya karibuni katika juhudi ndefu ya kuupatia sauti mguu uliokosa maumivu. Ushahidi uliopo unatia moyo, ingawa umetokana na watu wachache na katika nchi tajiri. Butembo na Beni zinaweza kuanza leo na kidole cha kupimia ganzi, karatasi ya wino, kipimajoto, muuguzi wa kupunguza sugu na fundi viatu aliyefunzwa, huku vyuo vikifuatilia maendeleo ya kifaa chenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawakujua. Wengi wa hao watatambua kwamba wanaumwa kwa kuona kidonda ambacho hawakukisikia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mguu wenye ganzi hauonekani ila kwa anayeutafuta, na kuutafuta ni kazi ya kila jioni: kuvua viatu, kupapasa ndani yake, kutazama nyayo zote mbili, na kumwomba mwana au mjukuu mwenye macho mazuri atazame zaidi. Ni matumaini yetu kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili watashirikiana na wenzao wa vitivo vya tiba katika kutunga maelezo ya kazi hiyo kwa lugha ambayo bibi wa Beni ataisikia mara moja na kuifuata.